Anwani Isiyotaja Jina

Asnath alikuwa mtu wa kuota macho wazi. Mama yake alizoea kusema kwamba ukimtuma Asnath sokoni kununua chumvi atarudi na habari za mawingu, na chumvi utaifuata mwenyewe. Mtu wa namna hiyo umpe kazi gani? Ualimu ungemshinda, duka angelifilisi kabla ya mfungo. Bahati nzuri akajifunza kuandika programu za kompyuta, kazi ambayo mtu anaweza kuutazama ukuta kutwa nzima na watu wakasema anafikiri.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha kupanga huko Mandewa, na dirisha lake lilitazama mawe. Mawe ya Singida hayana adabu. Yanakaa popote yanapotaka, katikati ya ua, kando ya choo, nyuma ya kanisa, na anayejenga ndiye anayeyazunguka. Mchana upepo ulipita kati ya mawe hayo ukivuma chinichini, na kila Asnath aliposikia mvumo ule vidole vyake vilisimama. Mwenzake wa ofisini, Zefania, ambaye hakuwa na subira na ndoto za mtu, alikuwa akimrushia kifuniko cha kalamu.

"Rudi, wewe. Umefika wapi?"

"Niko njiani," Asnath alikuwa akijibu.

Na kweli alikuwa njiani. Kitu alichokuwa akikiandika muda wote huo kilikuwa maktaba. Si maktaba ya vitabu. Waandishi wa programu huita maktaba ule mkusanyiko wa maelekezo yaliyokwisha kuandikwa vizuri, ambayo programu nyingine huja kuyaazima badala ya kila mtu kuanza upya. Ya Asnath iliitwa Mapito, na ilikuwa na kazi moja tu: kuunda anwani za mtandaoni na kuzitunza. Unaipa vipande, yaani jina la tovuti, kijiji, mtu, na kile unachokitaka kwa mtu huyo. Yenyewe inaviunga kwa ile mistari iliyolala upande, ambayo watu wa ofisini huiita mikwaju na vijana huiita slashi. Jina likiwa na nafasi ndani yake, Mapito inaiziba kwa alama ya asilimia na tarakimu ili anwani isikatike. Na mtu akikosea akaweka mikwaju miwili pasipo kitu katikati, inaufuta mmoja kimyakimya na maisha yanaendelea.

Tabia hiyo ya mwisho ndiyo Asnath aliyoipenda kuliko zote. Yeye aliziona anwani kama njia za miguu. Alipozisoma alizitembea: tovuti ni mji, mkwaju ni kizingiti, ukivuka unaingia mtaa, ukivuka tena unaingia ua wa mtu. Pengo katikati ya njia lilikuwa shimo, na nani mwenye akili anaacha shimo njiani? Unafukia, unapita.

Mapito ilikuwa imepata kazi yake ya kwanza. Wazee wa vijiji kadhaa vya Mkalama na Ikungi walirekodiwa wakisimulia maisha yao, na sauti zao zikawekwa kwenye tovuti iliyoitwa Sauti za Nyumbani. Kila nyumba ilijiandikisha kwa namba ya simu na kupewa kadi ndogo ya maelekezo: andika kijiji, mkwaju, wazee, mkwaju, jina la mzee, mkwaju, sauti. Rahisi kabisa. Asnath aliona hata kuku angeweza.

Basi alasiri moja, alizeti zikiwa zimechanua na mji mzima unasinzia, Asnath alikuwa akitazama maombi ya watu yakiingia kwenye seva. Yalipanda kwenye kioo cha kompyuta mstari baada ya mstari, taratibu, na yeye akayafuata kwa macho kama mtu anayetazama moshi. Hapo akaona moja la ajabu. Kinyangiri, mkwaju, wazee, halafu mikwaju miwili imegusana, halafu sauti. Mahali pa jina hapakuwa na kitu. Mapito ilifanya kama ilivyofundishwa, ikafukia shimo, ikaenda kutafuta ukurasa ambao haupo, ikamjibu mtu yule kwamba anachokitafuta hakipatikani.

Kesho yake likaja tena, alfajiri. Siku nyingine likaja jua likiwa la utosi. Kila mara ni lilelile, na kila mara jibu ni lilelile.

"Hiyo ni roboti," Zefania akasema bila kuinua macho.

"Roboti haisiti. Tazama. Kijiji ameandika vizuri, wazee ameandika vizuri, sauti ameandika vizuri. Akifika kwenye jina ananyamaza."

"Basi ni mlevi."

Mchana huo Asnath akasinzia juu ya meza, kichwa kwenye mikono, na akaota yuko kwenye njia nyembamba ya mchanga yenye nyumba pande zote mbili. Kila mlango una jina. Akafika penye mlango usio na jina, akajua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba ndani yupo mtu amebana pumzi akisubiri apite. Hakuwa mwizi wala mzimu. Alikuwa mtu tu, ana haya. Asnath aliamka na alama ya kifungo cha shati shavuni, akatafuta namba iliyotuma maombi yale, akapiga.

"Habari za saa hizi. Naitwa Asnath, niko Mandewa, natoka Sauti za Nyumbani."

"Nzuri, dada. Mimi Winfrida, Mama Lea." Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, na nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilalamika. "Jamani, nimeharibu kitu?"

"Hujaharibu, Mama Lea. Nimeona unatafuta sauti huipati. Ni ya nani?"

"Ya mzee wetu."

"Anaitwa nani?"

"Mzee wa hapa nyumbani."

"Sawa, mama. Jina lake sasa."

Upepo wa Kinyangiri ukapita kwenye simu.

"Dada," Winfrida akasema, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni asiyejua choo kiko wapi, "huyo ni baba mkwe wangu."

Asnath akajipiga paji la uso. Alizaliwa mjini, lakini si mjini sana hivyo. Shangazi zake mwenyewe walikuwa hivyo hivyo. Katika nyumba zinazoshika heshima ya zamani, mkaza mwana halitamki jina la baba mkwe, akiwa hai au akiwa kaburini. Na nyumba hii, iliyoandikishwa kwa jina la marehemu mzee Gaspari, ilikuwa ya kushika kwelikweli.

"Hata kuliandika?"

"Si mkono wangu utakuwa umelitamka, dada?"

"Sasa kwa nini uliacha pengo?"

"Ndivyo ninavyosema. Nikiwa nasimulia habari zake, nikifika kwenye jina nanyamaza kidogo, naendelea. Kila mtu hapa anajua ni nani." Winfrida akasita, kisha akacheka kwa aibu. "Nikadhani na mashine inajua. Si mmesema ni ya nyumbani?"

Asnath akayaandika maneno hayo pembeni ya karatasi. Winfrida naye, akiisha kuona kwamba mtu wa Mandewa hamcheki, akafungua moyo.

Mama mkwe wake, bibi Dorkas, alikuwa akisahau. Ilianza kama mchezo, chungu kimeungua, siku zimechanganyika, kila mzee si husahau. Sasa alikuwa akipotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, akiuliza mlango wa chumba chake uko wapi. Tangu mzee alipofariki mwaka jana wakati wa mavuno, alikuwa akimsahau na yeye, kidogo kidogo, kama nguo inavyochuja rangi.

"Juzi kaniuliza, mume wangu alikuwa na sauti nene au nyembamba? Dada, nilikosa pa kuangalia. Kuna saa akili yake inafunguka. Hazina mpango, mara alfajiri, mara tunapochambua mboga. Hapo anasema, niwekee nimsikie. Mume wangu, Philipo, aliwahi kumfungulia, bibi akatabasamu siku nzima. Lakini Philipo yuko Itigi kwenye reli, anarudi kwa kuvizia. Majirani wako mashambani. Mpaka nikimbie nimpate wa kuniandikia hilo jina, nikirudi nakuta akili imeshafunga, ananiuliza mimi ni nani." Mtoto akalia, naye akambembeleza kwanza. "Ninachoogopa, atakufa hamjui. Ataenda huko aendako, watakutana, na hatamjua."

Asnath akasema atalishughulikia leo leo, na akafanya kile ambacho ungefanya wewe na mimi. Alichukua anwani kamili ya mzee Gaspari akamtumia Winfrida, abonyeze tu. Jibu likaja kwa sauti ya kunong'ona: "Dada, umeniletea jina zima! Nimeifunika simu kwa kanga. Mama amekaa hapa hapa, nilichome kidole mbele yake?"

Zefania alicheka mpaka akatoka nje. Aliporudi akasema kwamba dawa ni nyepesi: kila ukurasa una namba yake humo ndani, apewe namba. Asnath akampigia tena Winfrida. Winfrida akashukuru, akashukuru tena, kisha la moyoni likamtoka.

"Sikatai, dada. Lakini namba? Baba wa watu tumpige chapa kama ng'ombe wa mnadani?"

"Mkaza mwana huyu anachagua!" Zefania akafoka simu ilipokatwa. "Maktaba zote za watu wenye akili zao zinalifukia hilo pengo, yeye anataka tulijengee nyumba."

Asnath hakumsikia. Alikuwa ameshaondoka, macho dirishani, na kifuniko cha kalamu kilichompiga sikioni hakikumrudisha. Nje upepo ulikuwa ukivuma kwenye mawe, ukikatika, ukivuma, na katika kule kukatika bado ungeweza kuusikia. Aliwaza kuhusu anwani. Ziko za aina mbili, na Mapito ilizijua zote. Ya kwanza huanza kwenye lango la dunia na kutaja kila kitu mpaka mwisho, na popote ulipo inakufikisha palepale. Ya pili huanza pale uliposimama: panda hatua moja, ingia chumba cha jirani. Hiyo bila kujua nani amesimama wapi haikupeleki popote. Asnath aliifundisha Mapito jambo hilo kwa mkono wake mwenyewe, akaona ni ufundi wa kompyuta, kumbe ndivyo watu wanavyoitana tangu asubuhi ya dunia. Mkwe ni nani? Hakuna mtu anayeitwa mkwe. Sema kwanza mkwe wa nani. Kimya cha Winfrida kinywani mwa Winfrida ni mzee Gaspari na hakiwezi kuwa mwingine, na kimya kilekile nyumba ya pili ni mzee mwingine kabisa. Yule mama hakuacha shimo. Aliandika anwani kamili inayoanzia kwake, na mashine ndiyo haikujua kusoma.

Furaha ilimpanda Asnath mpaka ikamtoa machozi, kwa sababu yeye hulia kwa vitu vya namna hiyo, na kwenye misiba anashindwa.

Kazi ilichukua siku kadhaa. Ilibidi Mapito iachishwe tabia yake ya usafi, na tabia nzuri ndiyo ngumu kuachisha. Pengo likija, lisifukiwe, lihifadhiwe kama lilivyo. Likiwa mahali pa jina la mzee, iulizwe simu iliyopiga hodi ni ya nani na anakaa nyumba ipi. Akiwa ni mke wa mtoto wa nyumba hiyo, afunguliwe baba mkwe wake. Mara ya kwanza Asnath alipojaribu, sauti ilifunguka safi, akaruka kwenye kiti. Zefania akainama, akatazama juu ya ukurasa.

"Soma hapo juu."

Mapito, kwa bidii yake, ilikuwa imesahihisha anwani. Pengo lilikuwa limejazwa, na jina la mzee Gaspari limekaa pale herufi zote, limenyooka kama askari.

"Utamrudisha kwenye kanga," Zefania akasema. Lakini hakucheka. Alivuta kiti chake akakaa kando ya Asnath, na wawili hao wakalitafuta fungu la maelekezo lililokuwa na kiherehere hicho mpaka wakalipata wakalinyamazisha.

Jumamosi wakaenda Kinyangiri kwa pikipiki ya Zefania. Alizeti zilikuwa zimesimama pande zote, zote zimeelekea upande mmoja, na Asnath nyuma ya pikipiki akafumba macho, rangi ya manjano ikampitia kwenye kope, hakujua kama amelala au yuko macho. Zefania alimwacha uani kwa Winfrida, akaenda senta kutafuta soda, maana alisema yeye mambo ya kulia hayamfai.

Winfrida alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, Lea mgongoni. Bibi Dorkas alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni na ungo mapajani, anachambua choroko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mgeni, bibi, natoka Mandewa."

"Karibu. Wewe ni wa nani?"

Akauliza hivyo mchana kutwa, na kila mara Asnath akamwamkia upya, na kila mara akaitikiwa kwa furaha kama vile ndiyo kwanza anaingia. Walikula ugali wa mtama kwa mlenda. Hakuna aliyeitaja simu. Kitu hicho huwezi kukiharakisha, kama ilivyo kwa mvua, unakaa tu. Jua likahama kutoka kizingitini hadi katikati ya ua. Kuku akaja akalala kwenye kivuli cha kiti cha Asnath. Asnath akawa anasikia choroko zikianguka kwenye ungo, moja moja, na kila moja ikawa kama neno la mtu anayeongea mbali, na alikuwa anakaribia kabisa kuyaelewa maneno hayo pale choroko zilipoacha kuanguka.

Bibi Dorkas alikuwa ameinua uso. Macho yake yalikuwa yametulia juu ya Winfrida, yana mtu ndani.

"Mama Lea," akasema. "Nimsikie mwenzangu."

Winfrida alijifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu. Akaandika kijiji, akaweka mkwaju, akaandika wazee, akaweka mkwaju. Kidole chake kikasimama juu ya kioo, kikakaa pale muda uleule ambao angenyamaza akiwa anaongea. Kisha akaweka mkwaju wa pili, akaandika sauti.

Kiduara kikazunguka. Asnath aliwahi kufanya mitihani na kumsubiri daktari aseme neno kuhusu mama yake, na hofu hii ilikuwa sawa na ile. Mtandao wa Kinyangiri ulifikiri. Bibi akapepesa macho, na kwa mara ya kwanza tangu ainue uso akatazama pembeni, kama mtu aliyesahau alichoingilia chumbani.

Ndipo mzee Gaspari akaanza kuongea.

Alikuwa akisimulia alivyopeleka ng'ombe mbuga ya Wembere mwaka wa ukame, yeye na kaka yake, na ndama mmoja mkorofi. Aliongea pasipo haraka, akipumzika palipostahili. Juu ya ukurasa, mikwaju miwili ilikuwa imekaa bega kwa bega na katikati yake hapakuwa na kitu. Winfrida alipoona hivyo alitoa pumzi aliyokuwa ameibana, akaiweka simu juu ya mkeka kwa mikono yote miwili. Bibi Dorkas alisikiliza, kichwa upande. Usoni pake hapakuonekana kama anajua au hajui. Huenda walikuwa wamechelewa.

Katikati ya habari za yule ndama, mzee akakohoa. Ilikuwa sehemu ambayo mrekodi yeyote makini angeikata. Akakohoa tena, akageuza uso mbali na kinasa sauti, akaita kwa nguvu kuelekea ndani ya nyumba.

"Mama Philipo! Maji!"

"Abee," bibi Dorkas akaitika. "Nakuja."

Akasimama. Ungo ukaanguka, choroko zikatawanyika ua mzima na kuku akashangilia. Akaingia ndani moja kwa moja, yeye aliyekuwa akiuliza mlango wake uko wapi, nao wakasikia kifuniko cha mtungi kikifunuliwa na maji yakichotwa. Akatoka na kikombe kilichojaa, anatembea kwa uangalifu asimwage, ameharakisha kama mke kijana anayeogopa kusemwa. Asnath alikuwa analia waziwazi, hakujificha, kamasi na machozi pamoja.

Simu ilikuwa imesharudi kwenye ng'ombe. Bibi Dorkas akasimama mbele ya mkeka na kikombe mkononi, akimtafuta mwenyewe. Akatazama kiti kitupu. Akatazama mlango wa ua. Kitu kikaanza kulegea usoni pake, taratibu, na maji yakaanza kucheza ndani ya kikombe.

Winfrida akapiga magoti. Akanyoosha mikono miwili, akakipokea kikombe kama mtu anavyopokea kitu cha mkubwa, akayanywa maji yote, hakubakiza tone, Lea amelala mgongoni mwake.

"Ahsante, mama," akasema. "Amekunywa."

Bibi Dorkas akakitazama kikombe kitupu, akaridhika.

"Huyo akiongea sana hukaukwa koo," akasema, akainama kuziokota choroko zake.